Ushiriki wa Wakristo katika siasa nchini Tanzania

Ushiriki wa Wakristo katika siasa nchini Tanzania ni namna waumini wa madhehebu mbalimbali ya Ukristo wanavyotimiza nafasi yao kama raia: kupiga kura, kugombea uongozi, kuhudhuria mikutano ya kijiji au mtaa, kulipa kodi, kuhoji matumizi ya mali ya umma na kutetea wanaoonewa. Pia ni namna Makanisa yenyewe, kama taasisi, yanavyosema na serikali na jamii kuhusu mambo hayo.

Pande hizo mbili, yaani Mkristo kama raia na Kanisa kama taasisi, huchanganywa mara nyingi. Madhehebu mengi nchini yanakubaliana kwamba mwamini mmojammoja ana wajibu wa kushiriki katika mambo ya nchi, lakini Kanisa halipaswi kugeuka tawi la chama chochote. Ugumu unaanza pale inapobidi kuonyesha mpaka huo unapita wapi. Makala hii inaeleza mafundisho, sheria na historia ya jambo hilo, pamoja na mifano kutoka Mkoa wa Songwe na nchi zilizo karibu.

## Maana ya siasa

Katika mazungumzo ya kila siku neno "siasa" mara nyingi linamaanisha ushindani wa vyama, au hata maneno matupu, kama mtu anaposema "hizo ni siasa tu". Kwa maana hiyo nyembamba waumini wengi husema siasa ni mchezo mchafu usiomfaa mtu aliyeokoka.

Kwa maana pana, siasa ni uendeshaji wa mambo yanayowahusu watu wote. Ujenzi wa zahanati, mgawo wa mbolea ya ruzuku, ugawaji wa ardhi ya kijiji, michango ya madawati na uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji vyote ni siasa. Hakuna mkazi anayeweza kukaa nje ya mambo hayo kabisa: asiyehudhuria mkutano bado atalipa mchango uliopitishwa na waliohudhuria.

## Misingi katika Biblia

Biblia haina sura moja inayopanga jinsi Mkristo anavyopaswa kushiriki katika utawala, hasa kwa kuwa iliandikwa wakati ambapo watu wa kawaida hawakuwa na kura. Hata hivyo, kuna sehemu zinazorejewa mara nyingi:

- Mathayo 22:15-22: Yesu anaulizwa kuhusu kodi ya Kaisari, naye anatofautisha haki ya mtawala na haki ya Mungu bila kufuta mojawapo.
- Warumi 13:1-7: Mtume Paulo anaagiza waumini watii mamlaka, na anaeleza kwamba kazi ya mamlaka ni kuwatendea watu mema na kuzuia uovu.
- Matendo 5:29: mitume wanakataa amri ya baraza lililowazuia kuhubiri, kwa kuwa utii kwa Mungu unatangulia.
- Yeremia 29:7: Wayahudi walio uhamishoni Babeli wanaagizwa kutafuta ustawi wa mji wanamokaa, ingawa si mji wao.
- 1 Timotheo 2:1-2: waumini wanaagizwa kuwaombea wenye mamlaka.

Sehemu hizo zinasomwa pamoja, wala si moja peke yake. Anayeshika Warumi 13 tu anaweza kuhalalisha utawala wowote ule. Anayeshika Matendo 5 tu anaweza kukataa hata sheria ya haki. Watu kama Yusufu, Nehemia, Esta na Danieli hutajwa pia kama mifano ya waumini walioshika vyeo katika serikali za watu wa dini nyingine bila kuacha imani yao.

## Mafundisho ya madhehebu

### Kanisa Katoliki

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Gaudium et Spes* ya mwaka 1965, ulisifu kazi ya wanaojitoa kwa ajili ya mambo ya umma, ukasisitiza kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa siasa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inahesabu kulipa kodi, kupiga kura na kulinda nchi kuwa wajibu wa kimaadili. Kazi ya siasa ni hasa ya walei. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 (kanuni 285 na 287) zinawakataza mapadre kushika vyeo vya utawala wa kiserikali na kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa, isipokuwa katika hali za pekee kuhusu hilo la pili.

### Walutheri

Martin Luther alifundisha kwamba Mungu anatawala kwa njia mbili: kwa Injili katika Kanisa na kwa sheria katika nchi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 16, linasema Mkristo anaweza kushika cheo cha serikali, kuwa hakimu na kumiliki mali bila dhambi.

### Wamoravian

Kanisa la Moravian lina umuhimu wa pekee katika mikoa ya Mbeya na Songwe. Wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891, na baadaye wakaanzisha kituo cha Mbozi kati ya Wanyiha, ambapo Traugott Bachmann alifanya kazi kwa miaka mingi.

Kanisa hilo lilikuwa na mjadala huuhuu tangu zamani. Lilianza Bohemia mwaka 1457, kati ya wafuasi wa urithi wa Jan Hus, na mwanzoni lilifuata mawazo ya Petr Chelčický, aliyefundisha kwamba Mkristo wa kweli hawezi kula kiapo wala kushika cheo cha serikali. Kadiri watu wa mijini na wenye elimu walivyojiunga, msimamo huo ulileta shida: je, mwanachama akichaguliwa kuwa mshauri wa mji akatae? Katika miaka ya 1490 sinodi zilijadili suala hilo hadi wengi wakakubali kwamba mwamini anaweza kushika cheo, mradi asiivunje dhamiri yake. Wachache waliokataa walijitenga.

Tena, utawala wa Kanisa la Moravian wenyewe ni wa mikutano na kura. Chombo cha juu ni sinodi, nayo inachagua viongozi wa jimbo; askofu ana kazi ya kiroho kuliko ya utawala. Kwa hiyo mzee wa usharika aliyezoea kusikiliza taarifa ya fedha na kuihoji ana ujuzi uleule unaotakiwa katika mkutano wa kijiji.

### Wanaojitenga

Kuna vikundi vinavyofundisha kutoshiriki kabisa. Maarufu zaidi ni Mashahidi wa Yehova, ambao hawapigi kura wala kujiunga na chama, ingawa wanalipa kodi na kutii sheria. Nchini Malawi walipigwa marufuku mwaka 1967, na kukataa kwao kununua kadi za chama pekee cha Malawi Congress kuliwaletea mateso makali, hata maelfu wakakimbilia nchi jirani. Mfano huo unaonyesha kwamba haki ya kutoshiriki nayo inahitaji kulindwa.

## Historia

Shule za misheni zilisomesha wengi kati ya viongozi wa kwanza wa Tanganyika. Julius Nyerere alibatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka 1943, akafundisha shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu. Mwaka 1954 aliongoza kuundwa kwa TANU, na mwaka 1955 akaacha ualimu Pugu ili ashughulikie siasa. Hakujenga chama cha Wakristo: TANU ilikuwa ya Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi pamoja, na Waislamu wa Dar es Salaam walikuwa nguzo yake tangu mwanzo.

Mwaka 1970, akihutubia masista wa Maryknoll nchini Marekani, Nyerere alidai kwamba Kanisa lisiposimama pamoja na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, litapoteza maana machoni pao. Wakati huohuo serikali yake, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliziweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya dola. Mwaka 2005 jimbo Katoliki la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza kuwa mwenye heri.

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, nafasi ya Makanisa ilibadilika. Mwaka huohuo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) zilitia saini makubaliano na serikali kuhusu huduma za afya na elimu. Baadhi ya Waislamu waliyapinga, wakisema yanaupendelea upande mmoja. Malalamiko hayo yamebaki sehemu ya mjadala, nayo yanakumbusha kwamba Kanisa linapoingia katika mambo ya umma linawagusa pia wasio waumini wake.

## Sheria za nchi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina ibara kadhaa zinazohusika:

- Ibara ya 3: nchi haina dini na inafuata mfumo wa vyama vingi.
- Ibara ya 5: raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura.
- Ibara ya 19: kila mtu ana uhuru wa dini, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.
- Ibara ya 20: chama kinacholenga kukuza maslahi ya dini fulani hakiwezi kusajiliwa kuwa chama cha siasa.
- Ibara ya 21: raia ana haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, moja kwa moja au kwa njia ya wawakilishi.

Basi nchi haina dini, lakini raia wake wanayo. Katiba haimtaki mwamini aiache imani yake mlangoni mwa kituo cha kura. Inakataza dini kugeuzwa chama.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inahusu pia fedha na zawadi wakati wa uchaguzi. Miaka minne kabla yake, mwaka 2006, Mahakama Kuu ilikuwa imebatilisha vifungu vilivyoruhusu "takrima", yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura. Jambo hili linayagusa Makanisa moja kwa moja, kwa kuwa mgombea anayeleta mabati au vyombo vya kwaya majuma machache kabla ya kura anaweza kuwa anatafuta kura kuliko baraka.

## Viongozi wa dini waliogombea

Baadhi ya watumishi wa Kanisa wameingia katika siasa ya vyama:

- Wilbrod Slaa, aliyekuwa padre na Katibu Mkuu wa TEC, aliacha utumishi wa upadre kisha akawa mbunge wa Karatu kuanzia 1995 hadi 2010, na mgombea urais wa CHADEMA mwaka 2010.
- Getrude Rwakatare, mchungaji wa Mikocheni B, alikuwa mbunge wa CCM hadi alipofariki mwaka 2020.
- Peter Msigwa, mchungaji, alikuwa mbunge wa Iringa Mjini kwa CHADEMA kuanzia 2010 hadi 2020.
- Josephat Gwajima, askofu wa Kanisa la Ufufuo na Uzima, alichaguliwa mbunge wa Kawe kwa CCM mwaka 2020. Juni 2025, baada ya kukemea hadharani utekaji wa watu, kanisa lake lilifutiwa usajili, serikali ikitaja mahubiri yenye mwelekeo wa kisiasa.
- Christopher Mtikila, mchungaji na mwenyekiti wa chama cha DP, aliipeleka serikali mahakamani mara nyingi.

Mtikila anakumbukwa hasa kwa kesi ya mgombea binafsi. Sheria inamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994 na tena 2006, lakini Mahakama ya Rufani ikabatilisha mwaka 2010. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu kwamba Tanzania imekiuka haki za raia. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2015. Hadi uchaguzi wa 2025 mgombea binafsi alikuwa bado hajaruhusiwa.

## Matamko ya maaskofu

Njia ya kawaida ya Makanisa kusema juu ya mambo ya nchi ni waraka unaosomwa ibadani. Mwaka 2018 ujumbe wa Kwaresima wa TEC ulilalamikia kuzuiwa kwa shughuli za siasa na kubanwa kwa vyombo vya habari. Muda mfupi baadaye maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walitoa ujumbe wa Pasaka, "Taifa Letu, Amani Yetu", uliogusa pia hitaji la Katiba mpya. Barua kutoka ofisi ya msajili iliwataka Walutheri waufute ndani ya siku kumi. Waziri husika aliikana barua hiyo, na ofisa akasimamishwa kazi.

Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko la kupinga makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai. Waliounga mkono walisema wachungaji wametimiza wajibu wao. Waliopinga walisema uwekezaji ni suala la wataalamu, na kwamba tamko lililosomwa makanisani juu ya mkataba na nchi ya Kiislamu lingeweza kuamsha hisia za udini.

Mambo hayo yanasaidia kutenganisha aina tatu za kauli. Ya kwanza inataja kanuni ya maadili, kwa mfano kwamba rushwa ni dhambi. Ya pili inapima sheria au mkataba fulani kwa kanuni hiyo. Ya tatu inawaambia waumini wachague chama au mtu fulani. Makanisa makubwa yanakubali ya kwanza bila shida na kwa kawaida yanaikataa ya tatu. Ubishi mwingi unahusu ya pili.

## Mafunzo kutoka nchi jirani

Nchi zinazoizunguka Tanzania zimeonyesha hatari za pande zote mbili, kujitenga mno na kuungana mno, pamoja na njia iliyo kati yake.

Zambia. Kusini magharibi mwa Tunduma, kupita Nakonde na Isoka, kuna Chinsali. Huko Alice Lenshina alianzisha Kanisa la Lumpa katika miaka ya 1950. Wafuasi wake walijitenga na siasa na kuhamia vijiji vyao wenyewe, wakati wanachama wa UNIP wakiwashinikiza watu wote wajiunge na chama. Mwaka 1964, miezi michache kabla ya uhuru, mapigano yalizuka na mamia ya watu wakafa. Lawama haikuwa ya upande mmoja: kundi moja halikutaka neno lolote na jamii, na jingine halikuvumilia asiye na kadi. Kenneth Kaunda, aliyeongoza serikali wakati huo, alikuwa mtoto wa mhubiri, mzaliwa wa Lubwa katika wilaya hiyohiyo ya Chinsali.

Rwanda. Kabla ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 Kanisa na dola vilikuwa karibu mno. Askofu mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Saa ya hatari ilipofika, sauti ya kukemea ilikuwa dhaifu, na watu wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama vile Nyamata na Ntarama. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji hayo.

Malawi. Tarehe 8 Machi 1992 maaskofu Wakatoliki walisoma waraka wa Kwaresima uliotaja wazi umaskini, ubaguzi katika elimu na ukosefu wa uhuru chini ya Kamuzu Banda. Walihojiwa na polisi, lakini hawakuanzisha chama wala kutaja mgombea. Makanisa mengine na raia waliendeleza mjadala, na katika kura ya maoni ya Juni 1993 wananchi walichagua mfumo wa vyama vingi.

## Kijijini na katika kata

Wajibu wa kiraia unaonekana wazi zaidi katika ngazi ya chini kuliko katika uchaguzi wa rais. Mfano ni Isansa, kata ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016 kwa kumega Mkoa wa Mbeya. Wilaya hiyo inajulikana kwa kilimo cha kahawa na mahindi, kwa hiyo ardhi na ushirika ni mambo makubwa kwa kila familia.

Kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukutana walau kila miezi mitatu. Huko taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila mkutano huo kukubali kwanza. Halmashauri yenyewe ina wajumbe 15 hadi 25.

Sheria hiyo ina nguvu pale tu watu wanapohudhuria. Mkutano usiotimia akidi huahirishwa, au mbaya zaidi, muhtasari huandikwa kana kwamba watu walikuwepo. Pale ambapo makanisa yanajaa Jumapili na mkutano wa kijiji hauna watu, ardhi inaweza kutoka mikononi mwa wajane na vijana bila mtu kusema neno. Ndiyo sababu mafundisho ya uraia hutolewa pia katika jumuiya ndogondogo za Wakatoliki na katika vikundi vya sharika. Matendo yanayohimizwa kwa kawaida ni haya:

1. kujiandikisha na kupiga kura bila kuuza kura wala kununua;
2. kuhudhuria mkutano wa kijiji na kuomba taarifa ya fedha isomwe;
3. kumpima mgombea kwa uadilifu na uwezo wake, si kwa dini au kabila lake;
4. kugombea nafasi pale mtu anapoona ana uwezo;
5. kukubali matokeo ya haki, na kutumia sheria pale haki inapokosekana.

## Hoja zinazoendelea

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ushiriki ni kwamba siasa inaharibu watu. Wanaojibu husema kwamba wakijitoa wote wanaochukia rushwa, watabaki wanaoipenda. Hoja ya pili ni kwamba sala inatosha. Jibu la kawaida ni kwamba anayeombea mvua bado analima.

Kwa upande mwingine, wapo wanaotaka Wakristo wapigie kura Wakristo wenzao tu, au Tanzania itangazwe kuwa taifa la Kikristo kama rais Frederick Chiluba alivyofanya Zambia tarehe 29 Desemba 1991. Wapinzani wao hujibu kwamba tangazo la Chiluba halikuondoa rushwa nchini mwake, na kwamba nchi ya dini nyingi haiwezi kudumu katika amani ikiwa kura inahesabiwa kwa misikiti na makanisa. Kwao, Mkristo anayemtetea jirani yake Mwislamu aliyenyang'anywa shamba ametimiza wajibu wake wa kisiasa kuliko anayempigia kura ndugu wa dhehebu lake asiyefaa.